Ndege Iliyokaa Kitako

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Nimepata ujanja. Nauandika upesi, maana siku hizi mawazo mazuri hunitoka kwa mlango uleule yanaoingilia.

Maonyesho ya Chama cha Waunda Ndege ni Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi wa maktaba. Ndege ya mshindi huwekwa ndani ya kabati la kioo, mlangoni pa maktaba, mwaka mzima, na taa juu yake. Kwa miaka yote ninayoikumbuka kabati hilo limekuwa la Mng'oa Meno. Alikuwa daktari wa meno kabla ya kustaafu. Anakaa ghorofa ya juu yetu, na anaunga ndege za plastiki kwa vifaa vilevile alivyokuwa akiwatolea watu machozi.

Mwaka huu hapati. Nina jeti ya kivita, kubwa kuliko zote nilizowahi kuunga. Ikikamilika itakuwa ndefu kuliko mkono wangu kutoka begani mpaka ncha ya kidole. Boksi lake halikuenea kwenye lifti likiwa limelala. Ilibidi lisimame wima kama abiria, na mimi nikapanda ngazi.

Sasa, balaa. Mdogo wake mke wangu anakuja kukaa nasi, atafika Jumapili, kesho yake ya maonyesho. Anahitaji chumba. Chumba kilichopo ni hiki kidogo, changu, chenye meza, dirisha na harufu ya gundi. Mimi na mke wangu tumejadiliana kistaarabu, yaani yeye amesema nami nimekubali. Ndege ikipata kabati la maktaba, itakuwa imepata kwao, nami nabaki na chumba changu. Shemeji atalala kwenye kochi la kukunjua pale sebuleni. Ndege ikirudi nyumbani, chumba ni cha shemeji, na plastiki zangu zote zinapanda juu ya kabati la nguo. Nikauliza kama mwenye plastiki naye atapanda. Akasema ataangalia nafasi.

Nimehama nchi, nimehama miji, nimehama hata alfabeti. Kuvuka korido hii nikiwa nimebeba meza yangu, hapana.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Kazi inakwenda kama maji kwenye mteremko.

Nimeanza kwa kutupa karatasi ya maelekezo. Mtu aliyesoma vitabu vinene kwa lugha tatu hasomeshwi na mishale. Hatua ya kwanza kabisa ina picha ya pua ya ndege na maneno yaliyopigwa rangi nyekundu. Sikuyasoma. Maandishi mekundu hunikumbusha ofisi za uhamiaji.

Isitoshe, mimi siungi ndege ya boksini. Naunga ndege ninayoijua. Ujanani nilikuwa karani wa hali ya hewa kwenye uwanja wa ndege. Kila asubuhi nilipanda ngazi kusoma kipimajoto, na ng'ambo ya uzio wa ndani ilisimama jeti moja, ileile siku zote, ikiwa na kiraka chini ya chumba cha rubani. Kiraka chenye umbo la sikio. Kijani chake kilikuwa kibichi kidogo kuliko kijani cha ndege nzima, kwa sababu aliyekipaka hakupata rangi inayolingana. Uwanja ule nasikia sasa ni nyasi. Kiraka ninacho mimi.

Basi natengeneza kila kitu. Mikanda ya kiti cha rubani: karatasi ya kung'aa ya chokoleti, nimeikata kwa wembe. Vioo vya saa za rubani: tone la rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, kwa ncha ya sindano. Rangi ya mke wangu, sindano ya mke wangu. Misumari ya bati kwenye mbawa: kuna kigurudumu chenye meno anachotumia kuchorea mishono kwenye kitambaa. Nimekipitisha bawa lote la kulia, kisha la kushoto. Kinaacha vitundu mstari mmoja, sawasawa, mithili ya chungu waliofunzwa jeshini. Nilicheka peke yangu. Nyaya za injini: nimezitoa ndani ya chaja ya simu iliyokufa.

Jioni mke wangu kauliza kama nimeona chaja yake. Nikasema katika nyumba hii vitu hupotea sana.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Mng'oa Meno ameshuka, ati anaazima msasa. Mtu ana msasa wa kusugua jengo zima. Amekuja kupeleleza.

Nikamruhusu atazame. Aliinama juu ya ndege, mikono nyuma, akasema aaa, kisha akaningoja kidogo kana kwamba nami nitafungua kinywa. Akasifu mikanda ya rubani. Akasifu misumari. Mimi nikasubiri mwiba, kwa kuwa sifa za adui hazikosi mwiba. Ukaja: akauliza kama nimeshaijaza pua.

Sikujua ana maana gani. Kuuliza si ujinga, husema watu ambao hawajawahi kuulizwa swali na Mng'oa Meno. Nikamwambia, zamani sana. Akasema vizuri, mzee mwenzangu, maana wengi husahau, halafu hulia.

Alipoondoka nikakaa kufikiri. Kujaza pua kwa nini, kwa wali? Kisha nikang'amua. Ni mtego. Anataka niifungue pua, niharibu rada niliyoitengeneza humo kwa vifungo vya blauzi, nichelewe. Nimeiunga pua saa hiyohiyo. Nimepaka gundi mara mbili.

Yeye mwaka huu ana jeti yenye mbawa pana, zimetandazwa kama shuka la kuanikwa. Yangu ni nyembamba, ndefu, mbawa fupi. Hapo ndipo nilipopata ujanja mkubwa kuliko wa Jumatatu. Nitauandika ukifaulu.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Umefaulu.

Kabati la zamani la maktaba lilipasuliwa na ngazi ya mpaka rangi. Kabati jipya analitengeneza seremala wa nyuma ya gereji. Nikapita pale kama mtu anayenyoosha miguu. Tukasalimiana, tukaulizana afya za nyumbani, nikasifu ubao wake. Halafu, kwa sauti ya asiyejali, nikauliza kuhusu kabati. Seremala kalalamika kweli. Kasema wamempigia simu kuwa wanataka kabati la ndege, wakakata. Hawakusema kubwa au ndogo, hawakusema inaruka au inataga.

Nikamwambia, mwanangu, bahati yako, mimi ni mtu wa Chama. Nikampa vipimo. Vipimo vya ndege yangu, na vidole viwili kila upande kwa ajili ya kupumua. Akaviandika juu ya ubao kwa penseli iliyokuwa sikioni. Ndege ya Mng'oa Meno haitaingia humo hata ikipakwa siagi. Waamuzi wanaweza kumpa sifa zote wanazotaka. Kabati litanichagua mimi.

Nikamwonya, kwa sauti ya chini, kuwa vipimo hivi vifuatwe barabara. Akanitazama kama anavyotazama mbao mbichi. Akasema, mzee wangu, sanduku ni sanduku.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu kauliza nimevunja nini.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Leo nimefunga kiwiliwili. Injini iko ndani, nzima, na mabomba yake, nyaya zake, hata doa la mafuta pale chini mahali panapovuja siku zote. Sasa haionekani tena, wala haitaonekana mpaka Kiyama. Na njia za hewa kutoka mbele hadi kwenye injini nimezifunika kwa bati jembamba, laini, bila mwanya hata wa sisimizi.

Mke wangu akasimama mlangoni, akauliza faida ya kuhangaikia kitu ambacho hakuna atakayekiona. Nikamjibu kuwa hata moyo hauonekani. Akanyamaza. Nikadhani nimemshinda kwa hoja. Kumbe alikuwa akitazama matundu ya kuvutia hewa, mbele, ambako nimeweka wavu mwembamba mweusi. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda chumbani, akafungua droo, akarudi na soksi yake ndefu, ile nyepesi ya kwendea harusini, akaingiza mkono ndani yake. Vidole vikatokea kisiginoni.

Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, sasa kwenye harusi avae nini, bawa la kushoto?

Nikamwambia wavu ule ni mzuri kuliko wowote uliowahi kuonekana kwenye ndege ya plastiki. Akasema yeye alijua hivyo alipoununua.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Rangi imekauka. Kiraka kiko mahali pake, sikio dogo la kijani kibichi. Nilikipaka nimeshikilia pumzi, mkono ukatulia kama wa kijana.

Saa nne asubuhi nikaunga miguu: miwili nyuma, mmoja mbele. Nikangoja gundi ishike. Nikaivua miwani, nikaifuta, nikaivaa, ili nione vizuri. Nikaisimamisha mezani.

Ikasimama. Nikaiachia. Ikatafakari kidogo. Kisha, taratibu, kama bibi harusi aliyechoshwa na wageni, ikakaa kitako.

Mkia chini, pua inatazama dari, gurudumu la mbele linaning'inia. Nikaishusha pua kwa kidole. Nikaondoa kidole. Ikakaa tena. Tulifanya hivyo mimi na yeye kwa muda, hakuna aliyechoka isipokuwa mimi.

Kujaza pua. Ni uzito. Unaweka uzito puani kabla ya kufunga, ndege isiangukie nyuma. Alimaanisha hivyo, na hayo ndiyo yalikuwa maneno mekundu. Nami injini yangu nimeijaza waya wa shaba kama mkoba wa fundi umeme.

Sheria ya Chama: ndege isimame kwa miguu yake yote mitatu, la sivyo haihukumiwi.

Nimejaribu kupitia pua: gundi mara mbili, kazi yangu mwenyewe. Kupitia njia za hewa: bati, bila mwanya hata wa sisimizi, kazi yangu mwenyewe. Nimejenga ngome, nikajifungia nje. Mwishowe nikamng'oa rubani wa plastiki, nikachonga rubani mwingine kwa kipande cha risasi, ile inayozamisha ndoana. Mzito ajabu. Mnene pia. Kifuniko cha kioo kimekataa kufunga juu ya kichwa chake, na ndege bado imekaa kitako, sasa ikiwa na rubani anayefanana na mwenyekiti wa mkutano.

Kupanda juu kumwuliza Mng'oa Meno? Heri nihamie juu ya kabati la nguo.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Akili ni mali. Nimeitumia.

Nimechukua kipande cha plaiwudi, nikakipaka rangi ya kijivu kiwe kama sakafu ya uwanja wa ndege, na mstari wa manjano katikati. Kizuri sana. Nikaweka tone la gundi kali chini ya gurudumu la mbele, ile gundi inayounga hata vidole na majuto, nikalikandamiza juu ya rangi. Nikahesabu polepole. Nikaachia.

Inasimama! Miguu mitatu, pua mbele, mkia juu. Rubani wa plastiki nimemrudisha kazini. Nimeitikisa meza: inasimama. Nimefungua dirisha upepo uingie: inasimama. Nimecheza kidogo, nimezunguka kiti mara moja, goti likalalamika, nikakaa.

Rangi ya ubao bado inanata kidogo kwenye ncha ya kidole. Itakauka ikiwa njiani.

Mke wangu ameleta shuka za shemeji, akaziweka juu ya kiti changu, akiwa ananitazama. Nikazihamishia sebuleni, kwenye kochi, nami namtazama. Ndoa ndefu ina lugha yake.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Naandika nikiwa bado nimevaa tai.

Tulifika mapema. Nilibeba ndege kifuani kama mtoto mchanga, mke wangu akinifungulia milango na kuwaambia watu wapishe, mgonjwa anapita. Ukumbi ulijaa. Kabati jipya lilikuwa mlangoni limefunikwa kwa kitambaa. Nikalikonyeza. Taa za meza zilikuwa kali, zenye joto. Mng'oa Meno alikuwa ameshafika na jeti yake ya mbawa pana, imesimama kwa miguu mitatu bila ubao wala wasiwasi. Akainama kutazama ubao wangu. Akasema, uwanja mzuri.

Mwamuzi akapita na kurunzi ndogo. Alimulika mikanda, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Alimulika wavu, akauliza ni wa kitu gani. Mke wangu akakohoa. Kisha akamulika ubavuni, akasema ni masikitiko, kazi nzuri hivi, halafu rangi haikulingana hapa, doa la kijani, atalazimika kupunguza alama. Nikafungua kinywa. Ningemwambia nini? Kwamba hiyo ndiyo sehemu pekee niliyokuwa na hakika nayo? Nikakifunga.

Mke wangu ndiye aliyesema. Kasema, baba, hilo si doa, ni kiraka. Kwa mama yake palikuwa nyuma ya uzio wa uwanja ule. Ndege hiyo ikiwashwa, nguo zao zilikauka kwenye kamba kabla ya wakati na zikanuka mafuta ya taa, na yeye alisimama na beseni akitazama kiraka hicho, hana la kufanya. Umbo la sikio, kasema. Kweli kabisa. Mwamuzi akafuta alichoandika. Nami nikamtazama mke wangu. Wiki mbili hajasema kama ameitambua. Kumbe alisimama pale mlangoni kila siku akiisoma.

Hapo nikaona chumba ni changu.

Mkuu wa Maktaba akaanza hotuba. Alikuwa akisifu kazi zinazosimama imara. Ndipo nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayebandua kibandiko cha kidonda. Gundi haikushindwa, nataka ijulikane. Rangi ndiyo iliyosalimu amri. Chini ya joto la taa ilibanduka kutoka kwenye ubao, kipande kizima pamoja na mstari wa manjano, kikiwa kimeng'ang'ania gurudumu, na pua ya ndege yangu ikaanza kupanda. Polepole. Kwa heshima. Ukumbi mzima ukageuka. Ndege ikapanda, ikapanda, ikakaa kitako tii, na kipande cha uwanja kikining'inia mguuni. Watu wakapiga makofi. Walidhani imepangwa.

Mng'oa Meno akaniinamia sikioni. Kasema kwa sauti tamu ya mtu anayekuambia hutasikia maumivu: zamani sana, eh?

Ameshinda yeye. Bila shaka. Yangu haikuhukumiwa, miguu miwili si mitatu. Nilipiga makofi kwa mikono isiyo yangu. Niliziona shuka zikitoka sebuleni.

Kisha wakafunua kabati.

Lilikuwa limesimama wima. Refu, jembamba, kama kibanda cha mlinzi. Mkuu wa Maktaba akaduwaa. Seremala, mlangoni, akaeleza bila haraka kuwa kati ya nguzo na kizima moto nafasi ni finyu, kwa hiyo kalisimamisha. Vipimo ni vilevile alivyopewa na mzee wa Chama, na sanduku ni sanduku. Watu wakanitazama. Nikatazama nguzo.

Wakajaribu kuingiza jeti ya Mng'oa Meno. Kimlalo, mbawa zikagonga. Kiwima, mbawa zikagonga vilevile. Kimshazari, likasikika neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwa daktari. Mkuu wa Maktaba akageuka, jasho likimtoka, akauliza kama katika ukumbi huu mna ndege yoyote inayojua kukaa wima.

Mng'oa Meno ndiye aliyenyoosha kidole. Kasema, ya mzee mwenzangu, ndiyo pekee yenye mafunzo hayo.

Ikaingia, vidole viwili kila upande. Ilikaa juu ya mdomo wa injini, mgongo umeegemea kioo cha nyuma, pua juu kabisa chini ya taa, kiraka kikitazama watu wanaoingia. Uzito wote ulikuwa makalioni, haikutikisika hata chembe. Chini yake pameandikwa jina la Mng'oa Meno, maana kibao walikuwa wamekwisha kukichonga tangu mwezi jana. Sijali. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vilivyokaa kitako navyo vimeundwa, na si kazi rahisi.

Njiani mke wangu alinishika mkono. Kasema nimlipe soksi.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Shemeji amefika jana na masanduku matatu. Kochi analipenda, ati linamkumbusha treni. Chumba ni changu. Ahadi ni ahadi, mke wangu kasema, ingawa hajui nani hasa aliyeshinda nini.

Nimetafakari kwa kina yaliyotokea. Mtu mwenye busara lazima avune funzo, nami nimelivuna: uzito puani ni wa watu wasio na bahati. Ningeujaza, ndege ingesimama, ingeshindwa kwa heshima, na leo ningekuwa nalala na msasa juu ya kabati la nguo.

Kwa hiyo nimenunua nyingine. Injini mbili! Boksi lake nalo limepanda kwa lifti peke yake. Nimeshampitia seremala kwa vipimo vya mwaka ujao. Amekataa kunifungulia mlango, lakini nimeviandika kwa chaki ukutani kwake. Mlangoni pa lifti nimekutana na Mng'oa Meno. Akatazama boksi, akatabasamu, akauliza pua. Nikamwambia, zamani sana. Boksi bado lilikuwa limefungwa kwa gundi ya dukani.

Karatasi ya maelekezo nimeitupa kwenye pipa la jikoni. Shemeji ameiokota. Ni mwanamke wa kusoma kila kitu, hata pakiti za chumvi. Sasa amesimama nje ya mlango wangu, ananisomea kwa sauti. Shemeji, anasema, hapa mwanzoni kabisa kuna maneno mekundu, wanasema kabla hujaunga chochote, hakikisha kwamba

Nimeongeza sauti ya redio.